Uso wa Binti Yangu Kwenye Flamenko

Baba yake alipofariki, binti yangu hakulia. Msibani kwetu Woolwich, London, wanawake waliangua kilio mpaka jirani akaja kugonga mlango, yeye akawa anazunguka na sinia la chai. Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa moja: "I'm fine, Mum." Mwaka mzima hivyo hivyo. Mimi ni nesi, nimewasikia wagonjwa wengi wakisema hivyo na huwa siwaamini, lakini mtoto wako mwenyewe utamfanya nini?

Kisha akajiunga na darasa la flamenko, ile ngoma ya Wahispania. Nikasema afadhali, atoke nje. Nilidhani ni mambo ya maua kichwani na magauni ya marinda, basi.

Siku ya onyesho lao nilikwenda Peckham, mchana, kwenye ukumbi mdogo juu ya baa. Hapakuwa na jukwaa. Walicheza sakafuni, karibu na magoti yetu. Nilikaa mstari wa mbele na kanga yangu mabegani, maana baridi ya London haina adabu hata ndani ya nyumba.

Mzee mmoja akaanza kupiga gitaa. Mwimbaji, mwanamke mnene aliyekaa kitini, akafumba macho akatoa sauti ambayo kwetu husikika maiti inapotolewa ndani. Wenzake wakapiga makofi. Binti yangu akaja katikati, akasimama tu. Halafu miguu ikaanza.

Uso ukambadilika. Midomo ilipinda, mishipa ikamsimama shingoni, macho yakakazia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wale wapiga makofi nyuma yake wakawa wanampigia kelele, "Ole! Ole!", wakimchochea. Nimekulia Tanga. Dada yangu mkubwa alikuwa akipandisha pepo, kwa hiyo nayajua makofi yanayokazana namna ile, na najua uso wa mtu wako unavyoondoka ukabaki mwili unaruka. Mara ya mwisho alipandisha harusini, watu wakachelewa kumshika. Akaanguka, na hakuinuka akiwa yule yule. Mpaka leo anakaa kwa mama, analishwa.

Nikajiambia, wewe ni nesi, tulia. Wapi! Gitaa likanyamaza, makofi yakanyamaza, ikabaki miguu yake peke yake ikigonga mbao, haraka, haraka zaidi, na kifua kinapanda na kushuka kama cha mgonjwa wa pumu. Hakuna aliyemshika. Watu wazima wote wale wamekaa wanatazama, na mtoto anapotea mbele yao!

Niliinuka. Nikamfunika kanga, nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote, nikasema yale yanayosemwa, kwa upole, maana pepo hafokewi: "Karibu, mgeni wetu. Sisi ni watoto wako. Wewe ni nani, na unataka nini?"

Mwimbaji akafumbua macho. Binti yangu alikuwa anatetemeka mikononi mwangu, ameloa jasho, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikasubiri sauti ya kizee, au ya kiume, au lugha nisiyoijua.

"Ni mimi, Mama," akasema. "It's just me."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Pepo ningemweza. Ningemuuliza anataka ubani gani, marashi gani, kitambaa cha rangi gani, na tungepatana. Lakini huyu alikuwa mwanangu mwenyewe, na yote niliyoyaona usoni pake alikuwa nayo mwaka mzima, katika chumba kinachopakana na changu. Nikaendelea kumshikilia pale katikati ya watu, na sikujua nimpe nini.