Mkulima wa Nyayo Highrise

Mimi ni mkulima. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa sababu za kujivuna ninazo: nilikaa Uarabuni miaka mingi nikifunga nyaya za umeme kwenye majengo marefu, nikarudi na diploma yangu, na leo nakaa mjini, Nyayo Highrise, ghorofa ya nne, na maji ya mfereji yanafika, yakipenda. Aliyeniita mkulima ni serikali. Ilinitumia meseji: "Mpendwa mkulima, mbolea yako ya ruzuku iko tayari," pamoja na namba ya siri ya kuchukulia mbolea depo.

Shamba lenyewe ni la mama yangu, huko kwetu Magharibi, na anayelilima ni yeye. Siku mzee wa kijiji alipopita kuandikisha wakulima, nilikuwa nyumbani, nikaona mambo ya serikali yanataka mtu aliyesoma. Nikatoa kitambulisho changu na namba yangu ya simu. Mama alinitazama, akaendelea kupukuchua mahindi.

Meseji ile niliipeleka Kianda, mtaa wa jirani, kwenye karakana ya maseremala wa kwetu, nipate kuheshimiwa kidogo. Wote wakaweka randa chini na kutoa simu zao. Wote walikuwa wakulima. Mmoja wao hajashika jembe tangu atoke shule.

"Niaje, mkulima mwenzangu," akaniambia. "Kwako mvua imenyesha?"

Basi ukiwatafuta wakulima wa Magharibi, usijisumbue na safari ndefu. Panda boda boda, shuka Kianda.

Mtaa wa Kawangware nako nilikuwa na kazi ya nyaya kwa mwenye ploti mmoja, mzee wa hapo hapo. Naye alikuwa mkulima. Shamba alilorithi lilishaota vyumba vya kupanga, safu mbili na choo kimoja, lakini kwa serikali bado ni mahindi. Alinieleza kwamba mbolea yake ameshaichukua na maua ya getini yanaipenda sana.

Kisha mvua ikanyesha kwetu kweli. Mama akapiga simu: mashimo yako tayari, mbegu ipo, na wiki hii ikipita bila mbolea, atanunua unga dukani mwaka mzima. Nikamsomea namba ya siri. Akaenda depo, wakamrudisha. Aje mkulima mwenyewe, na kitambulisho. Mwenye udongo kwenye kucha hakuwa mkulima. Mkulima alikuwa Nyayo Highrise, anakunywa chai.

Nikapanda basi hadi kwetu, nikaenda depo na Mama. Depo walikuwa wanaruhusu mwenye meseji aingie na kibarua mmoja wa kubeba, basi. Karani alinipokea kwa heshima zote, akaniita mheshimiwa, hata akanivutia kiti. Halafu akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Nilikuwa natafuta maneno ya kitaalamu, Mama akanitangulia.

"Mimi ni kibarua wake," alisema. "Na hajanilipa tangu azaliwe."

Karani hakucheka. Kibarua alikuwa anaruhusiwa. Akagonga muhuri, tukatoka na mifuko yetu.

Tulipanda mchana huo huo. Mimi nilitangulia na kopo la mbolea, nikitia kwenye mashimo; yeye akafuata, akifunika kwa udongo kidogo kabla ya kudondosha mbegu. Mbolea hupimwa kwa kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda. Mimi nilianza kwa kiganja, maana sikusafiri umbali wote huo kuwa bahili. Tulipomaliza safu ya kwanza ndipo alipoinua macho.

"Kisoda kimoja kila shimo, mkulima," alisema. "Hiyo si sukari ya chai yako."

Juzi alipiga simu. Mahindi yameota vizuri shamba zima, isipokuwa safu ya kwanza, ambayo mbolea imeiunguza.

"Hiyo ndiyo yako," akasema.

Nikamkumbusha kwamba kwa serikali safu zote ni zangu.