Nyumba Iliyofagiwa

Ploti nzima ya wapangaji pale mtaani Tassia ilimjua Kavata kwa sauti. Akianza kukemea pepo orofa ya tatu, wa chini walizima redio, maana kushindana naye ni kazi bure. Basi mumewe Muthama, mchonga vinyago, aliporudi kutoka kliniki ya saratani akasema nesi amemfundisha kukaa kimya, kufumba macho na kufuata pumzi yake tu ili hofu isimmalize, Kavata alimtolea macho.

"Baba Nzivo, hizo ni vitu za mashetani! Si unajua Biblia? Nyumba ikifagiwa ikaachwa tupu, pepo anarudi na wenzake saba."

"Yule nesi, Sista Lorraine, hajaniambia nifagie kitu. Ni kukaa tu. Na amesema ni vizuri tukae wawili. Dakika kumi, Mama Nzivo. Sikuombi kingine."

Hakupewa. Kila alasiri Muthama alipoketi kwenye kigoda chake cha kazi, mkewe alisimama nyuma yake akiomba kwa nguvu zote, miguu ikipiga sakafu. Maskini mgonjwa alifumba macho katikati ya kelele hizo, akajaribu. Wala hakulalamika.

Mwezi wa tatu tangu siku ile ya kliniki, Kavata akafunga siku saba, akikesha na kuomba. Siku ya nane akafungua kinywa, sauti haikutoka. Imekauka kabisa! Hakuwa na la kufanya. Akavuta stuli, akaketi kando ya mumewe, na tusidanganyane, aliketi kwa hasira.

Akafumba macho. Kwanza akasikia ndege ikishuka kuelekea uwanjani, kisha mtoto wa jirani, kisha pumzi ya Muthama. Iliingia nusu, ikakwama, ikatoka ikikwaruza kama msasa juu ya mbao kavu. Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka yeye mwenyewe akaacha kupumua akiingojea irudi. Hivyo ndivyo mama yake alivyopumua kule Mwingi, wiki ile ya mwisho. Kavata alikuwa amelala kando ya pumzi hiyo miezi mitatu, na ukweli ni kwamba aliogopa kuisikia.

Alipofumbua macho, Muthama alikuwa akimtazama.

"Umesikia?"

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka.

"Basi afadhali," Muthama akasema, akamshika mkono. "Nilikuwa nimechoka kuisikia peke yangu."