Kioo Kwenye Ufa wa Ukumbi wa Mheshimiwa

Jumatatu kioo kilikuwa kimevunjika. Jumatano nikakikuta kizima.

Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni profesa wa uhandisi wa majengo. Wanafunzi wananiita Mzee Nondo, nikishawapa kisogo lakini. Ukuta ukipata ufa, tuna njia yetu ya kizamani: unaweka kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, unakibana kwa plasta pande zote mbili. Kioo hakipindi. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika.

Kikikatika, unatoa watu. Hakuna mjadala.

Ukumbi wenyewe, nilikobandika kioo changu kwenye ufa, ulikuwa mpya, wa wanafunzi mia tano. Aliyeuleta ni Mheshimiwa mmoja, na alikuwa anakuja kuuzindua kabla tu ya uchaguzi. Jina lake lilishapakwa juu ya mlango wakati rangi ya ndani bado inanuka. Masomo yalikuwa yameshaanza humo, maana hatukuwa na pengine.

Ile Jumatatu nilikwenda mbio kwa mkuu wa kitivo.

"Profesa," akaniuliza, "wewe una chama?"

"Mimi nina ufa."

Hakucheka. "Siku hizi hakuna ufa usio na chama, mzee wangu. Jumatano twende nikauone."

Jumatano ndiyo hiyo. Kioo kizima, kinang'aa. Mkuu akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kukudhalilisha. Kufika jioni chuo kizima kinasema Mzee Nondo apumzike, umri umemtupa mkono.

Jamani, chuo kilikuwa mahali pa kubishana! Siku hizi tunabishania nani asimame karibu na Mheshimiwa kwenye picha.

Aliyenifariji ni mmoja tu, binti yangu. Mtoto wangu wa pekee, mhandisi, mhadhiri msaidizi idara hiyohiyo. "Baba, achana nao. Utaugua bure," akaniambia, huku ananimiminia chai.

Roho haikutulia. Kesho yake nikarudi na ngazi, nikapanda, nikapitisha kidole pembeni mwa kile kioo.

Kingo zilikuwa laini.

Nikashuka, nikakaa sakafuni kama mzigo.

Binti yangu alipokuwa mdogo nilikuwa naye kila mahali kazini. Siku moja kioo kilimkata kidole, akalia mpaka sauti ikakauka. Nikamfundisha kusugua kingo kwenye jiwe kabla ya kukishika. Tangu hapo hajawahi kubandika kioo bila kukisugua. Na sijaona mhandisi mwingine anayehangaika hivyo kwa kipande cha kupimia ufa.

Nilimkuta nyumbani anapiga pasi.

"Mwanangu, kile kioo umekibadilisha wewe?"

Akaiweka pasi pembeni. Hakunidanganya, hilo namshukuru.

"Mkuu aliniita, baba. Akasema ukiendelea na habari za ufa watakukamata, wameshapanga. Na wewe una presha. Ungekaa siku ngapi mle ndani?"

"Na wale watoto mia tano?"

"Ningesema mara tu baada ya uzinduzi." Machozi yakaanza kumtoka. "Baba, baba yangu ni mmoja."

Wee acha tu. Mzazi akiambiwa maneno hayo anatakiwa afurahi. Mimi nililia kama aliyefiwa.

Nikaenda bodi ya wahandisi. Wakaniuliza, "Kama kweli kilivunjika, nani alikibadilisha?" Bila jibu, lilikuwa neno langu dhidi ya la mkuu, na watoto wangeendelea kukaa mle.

Nikamtaja.

Walipomwita hakukana. Ukumbi ukafungwa siku hiyohiyo. Walipobomoa nguzo moja wakakuta nondo ni nusu ya zilizochorwa kwenye ramani. Hakuna mtoto aliyeumia hata ukucha.

Binti yangu alifutwa kwenye orodha ya wahandisi, na kazi ikaota mbawa.

Mimi nikafunga mkoba wangu wa nguo na dawa, nikasubiri kukamatwa. Sikukamatwa. Baadaye katibu wa mkuu alikuja kuniambia ukweli: hakukuwa na mpango wowote wa kunikamata. Mkuu alijitungia tu, kumtisha mtoto. Alijua mimi sitishiki.

Mkuu bado ni mkuu. Mheshimiwa alishinda. Wapinzani wake wakanipigia nikahutubie mkutano wao kama shujaa. Nikakata simu.

Binti yangu alihama. Hupiga simu kwa mama yake, mimi nasikilizia pembeni. Hanitaji, ila kabla ya kukata huuliza kama nimemeza dawa.

Mnaoniuliza kila siku siasa zangu ni zipi, hizi hapa. Wakitaka kukunyamazisha hawaji kwako. Wanakwenda kwa anayekupenda. Basi wakalisheni watu wenu mapema, muwaambie: siku wakija kunichukua, waacheni wanichukue.

Mimi wangu sikumwambia.