Misuli Haijui Heshima

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali, Mkuu wa Huduma alinionyesha benchi fupi la mbao akaniambia nikae. Nilikuwa nimevaa koti jeupe jipya, alilonishonea marehemu baba, fundi cherehani wa hapa Gisenyi, nami nilidhani nitaelezwa kwanza habari za vifaa. Nilipokwisha kukaa akasema, "Sasa simama, lakini usishike kitu." Nikasimama. Akauliza ni nini kimeniinua. Nikamtajia misuli ya paja kwa majina yake yote ya Kifaransa, kama nilivyoyakariri shuleni.

"Bon," akasema. "Hiyo misuli ndiyo kazi yako. Mutu akishindwa kutoka kwenye benchi, hata kama moyo yake iko muzuri, huyo ni mugonjwa. Na we usimuinue. Umufundishe kujiinua."

Watu walituita kine, kwa kulifupisha neno la Kifaransa, na wengi walidhani sisi ni wakandaji. Kina mama walikuja na chupa zao za mafuta, wakalala kitandani na kunigeuzia mgongo wakingoja kusuguliwa. Niliwaamsha. Kazi yetu ilikuwa kuirudisha kazini misuli iliyoacha kazi, na ilihitaji jasho la mgonjwa mwenyewe. Msuli ni mtumishi mwenye kinyongo: ukimsahau, anaondoka bila kuaga. Mguu ukitolewa kwenye plasta, tazameni paja kabla ya kutazama mfupa. Mtaona limekonda kama la mtu mwingine.

Baadaye hospitali iliniazima kwa timu moja ya mpira, niwe nakwenda uwanjani jioni. Kocha wao aliamini jasho tu. Maji yalikatazwa mpaka mazoezi yaishe, na timu ikifungwa, kesho yake asubuhi wote walikimbizwa mlimani. Hakutaka kujua kwamba nusu ya wale vijana walikuwa wapagazi pale Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Goma, wanaovusha magunia tangu alfajiri, na wanafika uwanjani miguu imekwisha. Usiku walikula ugali na chai, wakalala. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipomlalamikia, Kocha alinitazama juu mpaka chini.

"Mama Hadija, we iko na mpira ama iko na hospitali?"

"Niko na miguu yao, Kocha. Ikikatika, utacheza na nini?"

Nilimweleza kwamba mazoezi hayajengi msuli. Yanauchana kidogo kidogo, na unaojenga ni usingizi na chakula. Nilimsumbua hivyo msimu mzima. Mwishowe alikubali vijana wanywe maji, wapumzike siku inayofuata mechi, na kila mmoja apate kitu cha protini baada ya mazoezi, yaani chakula kinachojenga mwili: maharage, yai, au sambaza, dagaa wa humu ziwani, ambao huliwa wazima na mifupa yao. Niliwafundisha wale vijana neno moja, "Kupumzika ni sehemu ya mazoezi," wakalipenda kupita kiasi. Aliyelipenda zaidi alikuwa beki wa kushoto, Deo. Kocha akimkuta amejilaza kando ya goli, alijibu bila kufumbua macho, "Mi niko kazini, Kocha. Najenga misuli."

Miaka ikaenda. Nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Rugerero, chini ya Titulaire, ndivyo tunavyomwita mkuu wa kituo, mwanamke mkali aliyechukia foleni na kelele. Huko wagonjwa wangu hawakuwa wachezaji tena. Walikuwa watu wa kukaa: makarani wenye migongo iliyokakamaa, madereva, na wazee. Wazee ndio walioniuma zaidi, kwa sababu hawakuwa wametupwa. Walikuwa wamependwa. Kwetu, mtoto akifanikiwa, kitu cha kwanza anachomwondolea mama yake mkononi ni jembe. Kisha kidumu cha maji, kisha ufagio. Analeta msichana wa kazi, ananunua kiti chenye mito, na mama anaketishwa humo kama mgeni. Analetewa chai ya maziwa iliyojaa sukari na mkate laini, kwa kuwa meno yamepungua. Nyama na sambaza vinampita, eti vigumu. Majirani wanamsifu mtoto, na kwa kweli anastahili sifa. Ila misuli haijui heshima.

Hivyo ndivyo alivyoletwa kwangu Mama Deo, mama wa yule beki. Miaka mingi alikuwa amevuka kwenda Goma na beseni la mboga kichwani, na kwa beseni hilo akamsomesha mwanawe. Deo sasa alikuwa mfanyabiashara, akipitisha mizigo Grande Barrière. Aliingia amemshika mama yake bega moja, msichana wa kazi amemshika la pili. Nikamketisha kwenye benchi, nikamwomba asimame bila kushika kitu. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu kwa kujisukuma na mikono, akarudi tena. Hakuwa na ugonjwa wa mifupa wala wa mishipa. Mapaja yalikuwa yamekwisha, basi.

"Lakini amepumzika vizuri kabisa," Deo akasema, naye alikuwa ameshtuka. "Hafanye kitu hata kimoja. Si ni we ulitufundisha, Mama Hadija? Kupumzika inajenga misuli."

Hasira ilinipanda, kisha nikataka kucheka, kisha nikamwonea huruma. "Inajenga ya mutu amechoka, Deo. Mama amechokea nini?"

Alisema tu kwamba hawezi kumwacha mama katika hali ile peke yake Rugerero. Kama mvua zitakwisha na bado hawezi kusimama, atamchukua kwake mjini, amwekee chumba kando ya chake. Alisema kwa upendo mtupu. Simu yake ikalia, akatoka nje, na mama akanivuta mkono.

"Mama Hadija, kule kwake nani atanipeleka chooni? Musichana akienda soko, ni yeye. Mutoto nilimubeba mugongoni, anipeleke chooni? Siku hiyo mi nimekufa, watakuwa wanachelewa tu kunizika."

"Basi tutafanya kazi ya choo," nikamwambia. Akacheka, akafunika mdomo kwa kitenge.

Tulianza nyumbani kwake na kiti kirefu kilichoongezwa blanketi, maana kiti kikiwa juu paja halipati shida sana. Kila alipozoea, tulipunguza urefu. Nilimfundisha msichana kumpondea maharage, kumchemshia mayai, kumsagia sambaza ndani ya mchuzi. Mazoezi bila chakula cha kujenga humla mtu. Akarudishiwa ufagio. Kisha nikamwachia kidumu kidogo cha maji, akijaze bombani na kukileta nyumbani, na yeye kwa mazoea yake ya zamani akakipandisha kichwani. Zilikuwepo siku alizonifukuza. "Nenda ukatese mama yako," aliniambia mara moja, na kesho yake akanihifadhia kiporo cha viazi.

Kijijini mdomo hauna kufuli. Deo alifika kituoni akapita foleni yote mpaka nilipo, Titulaire akamfuata nyuma.

"Batu banasema mama ya Deo anabeba maji," akasema. "Deo iko na gari, mama yake iko na kidumu kichwani. Mama alibeba mizigo ili mi nisome. Mi nilijiapia hatabeba tena hata kikombe. Sasa we unamurudisha kule kule."

Titulaire akanigeukia. "Kine, eleza."

Kiapo kile kilikuwa kizuri, nami nilimheshimu kwa ajili yake. Nilimwomba Titulaire ruhusa, nikapanda gari la Deo, tukaenda kwa mama, ajionee mwenyewe.

Tulimkuta mama ameketi barazani kwenye benchi fupi, maana kiti kirefu alikwisha kukiacha, anachambua dodo, mchicha wa huku. Deo akaanza kumwuliza kwa nini anamwaibisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mboga kando, akasema, "Ngoja, niko naenda." Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mteremko, cha kuchuchumaa. Deo akainuka kumshika. Nikamvuta mkono wa shati.

"Kaa."

"Ataanguka."

"Kaa, Deo."

Mama aliinamisha kifua mbele, akabana midomo, akasimama. Hakushika kitu. Akazunguka kona ya nyumba, hatukumwona tena. Sijawahi kuogopa kazini kama nilivyoogopa pale, maana choo si benchi, na huko sikuwahi kumsindikiza. Deo alikuwa amesimama nusu, amekaa nusu. Mara mbili alinitazama, mara mbili nikatikisa kichwa. Mama alikawia. Kisha tukasikia maji yakimwagika kwenye beseni la kunawia, na akatokea akijifuta mikono kwa kitenge.

"Munaniangalia hivi juu ya nini?" akasema. "Deo, umekula?"

Mvua zikaisha, na habari ya chumba cha mjini hakuna aliyeitaja tena. Deo alianza kuja Jumapili, anakaa barazani, mama anampakulia chakula. Ilimchukua muda kuzoea kupakuliwa.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mazoezi ya vyuma hunisimamisha njiani kuniuliza unga gani wa kopo unafaa kwa misuli, nami huwaambia waende kwa wauza sambaza wawahi. Makarani huniuliza kama inatosha kukimbia Jumapili moja mpaka kutapika. Haitoshi. Nawaambia kwamba msuli hutaka vitu vitatu, kazi, chakula na pumziko, na kosa la watu ni kuchagua kimoja wanachokipenda. Anayejichosha hunyimwa pumziko, anayependwa hunyimwa kazi. Ninyi mliorithi chumba changu, huyu wa pili atawapa taabu zaidi, kwa kuwa mtakuwa mnapigana na watu wema.

Mama Deo alifariki nikiwa nyumbani tayari. Aliugua kifua kwa muda mfupi, katika nyumba yake ile ile ya Rugerero, na msichana aliniambia kwamba hata jioni ya mwisho alikwenda nyuma ya nyumba kwa miguu yake. Nilikwenda mazishini. Deo hakukubali kupokewa jeneza njiani. Alilishika upande wa mbele kutoka mlangoni mpaka kaburini. Watu walipoanza kutawanyika alinijia, bega la koti limechafuka.

"Mama Hadija," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza amekubali nimubebe."