Harufu Ambayo Haikuwa Uunsi Wangu

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, ndugu yangu anayenifuata, aliyekuwa kwenye usukani, kitinda mimba wetu ambaye ndiye bibi harusi, na ajuza mmoja mwenye punda, aliyetukuta njiani. Wazazi walifariki nikiwa darasa la saba. Nikaacha shule, nikapika uunsi wa kufukizia, nikauza, hao wawili wakasoma.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la kijana wa jirani anayefanya kazi Nairobi. Alinikabidhi ufunguo akasema ni amana, bibi harusi afike kwa mumewe Masalani kwa heshima. Niliupokea kwa mikono miwili. Gari lile likifa mikononi mwetu, tulichokuwa nacho cha kuuza ni kiwanja cha mtaa wa Iftin alichotuachia baba, pamoja na nyumba tunayolala.

Asubuhi nilifukiza uunsi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mpaka moshi ukashika viti. Bibi harusi hapandi gari lisilonukia. Uunsi hupikwa kwa sukari na ubani, kwa hiyo tulipoondoka Garissa hakuna aliyeshangaa gari kunuka utamu.

Tulipita kizuizi cha mwisho cha polisi. Mbele kidogo lami ilikatika, gari likagonga jiwe kwa tumbo, kisha lami ikarudi. Hatukwenda mbali taa nyekundu ikawaka mbele ya ndugu yangu.

"Ni nini hiyo?"

"Joto la injini," alisema, sauti imeshuka. "Labda feni. Labda fyuzi. Labda ni waya tu unadanganya."

"Basi simama."

"Abaayo, dada yangu, hapa?"

Nilimwelewa. Kipande kile watu hawasimami. Kila nyumba Garissa ina habari yake ya watu waliovamiwa kipande kile, na hakuna anayeisimulia kwa sauti kubwa.

Alipunguza mwendo, akafungua hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini. Ikatupulizia moto usoni.

"Mnanipeleka kuolewa au mnanioka?" bibi harusi akauliza kutoka nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu.

"Nyamaza wewe. Bibi harusi hasemi."

Mara hewa ikawa baridi. Nikasema alhamdulillahi. Ndugu yangu alinyosha kidole kwenye taa; ilikuwa bado inawaka. "Baridi hii si heri," alisema. "Maji hayafiki tena kwenye hita."

Hapo ndipo harufu iliponijia. Uunsi wangu naujua hata usingizini. Utamu wake huja na moshi. Huu ulikuwa utamu mtupu, kama shira inapoanza kushika chini ya sufuria kabla sijatia ubani.

"Hii si yangu," nilisema. "Kuna kitu kinaungua."

Alivuta pumzi, akageuka kunitazama. "Kulanti, maji ya kupozea injini. Hunuka hivyo. Inavuja, na sisi tunasifu uunsi."

Tukiendelea, injini itakufa. Tukisimama, sijui. Mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia asimame.

Alizima. Kimya kikatuzunguka mpaka nikasikia matone. Alilala chini akaona klipu ya mpira wa maji imeachia pale jiwe lilipopiga. Aliukaza kwa waya na ukanda wa tyubu. Kifuniko cha rejeta alinikataza nisikiguse, mvuke ungenibabua uso. Tungoje ipoe, kisha tutie maji. Maji yetu yalikuwa nusu chupa.

Pikipiki ilisikika nyuma yetu. Ikapunguza mwendo. Bibi harusi alivua bangili akazificha chini ya kiti, kisha akanishika mkono na kucha zake zikaniingia. Watu wawili walitutazama, wakapita.

Ndipo ajuza akatoka vichakani na punda wake na madumu mawili madogo ya maji.

"Gari hili limekatwa miguu?" aliuliza. "Mbuzi wangu wakiliona watalipanda, watadhani ni jiwe."

Nikamwamkia, nikamweleza. Alituambia maji yale ametoka kuyateka mbali, ni ya mbuzi wachanga wasioweza kutembea hadi kisimani. Kisha akafungua dumu la kwanza. Nilipotaka kumpa pesa alizisukuma.

"Maji hulipwa kwa maji. Boma langu liko nyuma ya ule mgunga. Utaniletea."

Injini ilipopoa, rejeta ilikunywa madumu yote mawili. Tulipowasha gari, taa ikazimika. Tulimfikisha bibi harusi jua likiwa bado juu, na gari nikalirudisha kwa mwenyewe likiwa zima. Kiwanja bado ni chetu.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la mifugo na madumu mawili yaliyojaa. Nyuma ya mgunga nilikuta boma la miiba, tupu, na majivu baridi. Mchungaji mmoja alisema bibi huyo amehamia upande wa Hulugho kufuata malisho. Sijui mbuzi wale wachanga walikunywa nini siku ile. Kila nikipata safari ya upande huo nayajaza madumu, na kila mara narudi nayo yakiwa yamejaa.