Nilimwiba Hajara na Mashine Yake

Watu wa mlima wa Kibuli, hapa Kampala, wanasema nilimwiba Hajara. Naam, nilimwiba, mchana kweupe, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kufunga mlango wa gari vizuri. Anayetaka kunishtaki aende. Nimekuwa dereva wa polisi mpaka nikastaafu, njia ya kituoni naijua.

Babu yake Hajara alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na wajukuu zake mpaka leo Kiswahili chao kimenyooka. Mimi ni Abalo, mwanamke wa Kiacholi, na Kiswahili changu nilikipata kwa kufokewa na sajenti. Tulikutana harusini. Nilikuwa nimeleta maji kwa lori, naye ameinamia sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, anakoroga pilau, macho mekundu kwa moshi. Nikaanza kumsalimia kwa adabu zote za depo ya polisi. "Afande," akanikata, "mwaga maji hapa, maneno utayamwaga baadaye." Tangu siku hiyo ni rafiki yangu.

Nusu ya maharusi wa mlima ule walilishwa kwa mkono wake. Kuni zilimlisha Hajara, kisha kuni zikamla mapafu. Daktari alisema mapafu yakishaharibika hivyo hayarudi. Akapewa mashine ya oksijeni, kubwa kama sanduku la nguo, inayochomekwa kwenye umeme, na mrija mwembamba wa kumfikishia hewa puani. Moshi ukawa marufuku, hata wa sigara ya jirani.

Jibril, kifungua mimba wake, mwenye duka la vitambaa na Kiswahili cha sokoni, akasogeza kitanda cha mama kwenye soketi na kufunga mlango wa jikoni kwa kufuli. Simwiti mtu mbaya. Anampenda mama yake, hilo nalijua. Lakini kuna kupenda na kuna kufunga mbuzi kwenye kigingi. Ule mrija ulifika chooni na ukafika mlangoni, basi. Mwaka mzima Hajara alisikia adhana na boda boda zikipanda mlima, asione hata moja.

"Abalo," aliniambia, "wafungwa wa gereza la Luzira wanaota jua kunishinda."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kunywa chai yake. Hapo ndipo nilipolikumbuka gari langu.

Ni Estima ya haibridi, ina injini ya petroli na betri kubwa, na nyuma ina soketi ya umeme. Ukiiacha imewashwa hukaa kimya ikitoa umeme wa betri. Betri ikipungua, injini huamka yenyewe, ikajaza, ikalala tena. Majirani zangu wa Kyebando wanasema ina jini. Waseme. Nilishang'oa viti vya nyuma nikaweka godoro, na nimelala nayo kando ya mito ya kwetu kaskazini, mwanamke peke yangu, birika langu likichemka. Umeme wake ni wa Kijapani, mdogo kuliko wa ukutani, kwa hiyo fundi alinitafutia transfoma ya kuupandisha. Tukaazima mashine kama ya Hajara, tukaichomeka uani kwangu, ikafanya kazi kutwa nzima bila kusita. Nikanunua na mrija mrefu.

Nilipomwomba nimpeleke mama yake alale usiku mmoja kando ya ziwa, Jibril akakataa katakata. Kampala hii anayelala ndani ya gari ni aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

"Anti, mama yangu si mutu wa kulala nje kama hana kwao," alisema. "Akienda na akirudi mugonjwa, namuhamisha kwangu, gorofa ya tatu. Na wewe hutamuona tena."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Hajara alitaka usiku mmoja kando ya ziwa, na ukiharibika, siku zake zote zilizobaki zingepandishwa ngazi na kufungiwa huko. Nilimwambia afikiri vizuri. Alinitazama kama ninavyotazamwa na wajukuu zangu nikiuliza simu inawashwa vipi.

"Njoo Ijumaa," akasema, "Jibril akiwa msikitini."

Tulishuka Luzira, si gerezani bali kwenye uwanja wa kupigia kambi ufukweni mwa ziwa, ambao mlinzi wake, Odoch, ni polisi mstaafu kama mimi. Wageni wengine walikuwa wamekoka moto. Sisi tulikwenda mbali nao, upande upepo unakotokea, nikapiga hema, na gari nikaliegesha nyuma yake, upande upepo unakoelekea, ili moshi wa injini upeperuke usimfikie mgonjwa. Waya kutoka kwenye gari ukaingia hemani. Mashine ikaanza kuhema, na Hajara akakaa mlangoni akitazama maji. Kisha akaniomba sufuria ya umeme, Mjapani mtupu kama gari lenyewe, akapika pilau. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupika pilau bila kutoa chozi.

Akaonja. "Haina moshi," akasema, akakunja uso. Akaonja tena. "Lakini ni pilau."

Asubuhi nilishuka ziwani kuoga, ufunguo wa gari nimeufunga kwenye pindo la leso. Odoch akapita kwenye doria yake. Akakuta gari limewashwa, dereva hayupo, na mbele ya macho yake injini ikaamka yenyewe. Sasa, kwa bei ya mafuta mjini hapa, muungwana akikuta gari linanguruma bila mtu anafanya nini? Alifungua mlango akabonyeza kitufe. Alilizima.

Mashine ikapiga yowe nililolisikia nikiwa majini. Nilikimbia na povu kichwani. Gari lile likishawaka huendelea hata ufunguo ukiwa mbali, lakini likizimwa haliwaki tena bila huo.

Na ni nani nikamkuta hemani? Jibril, aliyetutafuta tangu alipotoka swala ya alfajiri akakuta kitanda cha mama kitupu. Alikuwa amepiga magoti, anauzungusha mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba tuliokuja nao, bila kujua unafunguliwa wapi. Hajara alimpokonya. Akaufungua mwenyewe, akauchomeka mrija mwenyewe, akabana midomo na kutoa pumzi polepole kama alivyofundishwa hospitali.

Nikaliwasha gari, nikabonyeza na kitufe kinachowasha soketi ya nyuma. Mashine ikahema.

"Afande, mimi naona gari iko inanguruma, mutu hapana," Odoch alinililia. "Nasema mafuta yake itaisha bure. Nisamehe, afande."

"Munataka kuua mama yangu!" Jibril alifoka, sijui kwangu au kwa Odoch. "Imeisha. Mama, tunaenda nyumbani sasa hivi."

Hajara aliinua kidole. Yeye husema kwa vipande, na kila kipande anakilipia kwa pumzi.

"Jumanne," akasema. "Umeme wa Kibuli ulikatika. Nani alifungua mtungi?"

Jibril aliutazama mtungi.

"Ulikuwa dukani. Nilifungua mimi." Akapumzika. "Na juma lililotangulia?"

"Mama..."

"Mimi. Umeme wa ukuta wako nao huzimika, mwanangu. Tena ule hauna Abalo wa kukimbia na povu."

Akaninyooshea kiganja. Nikampa ufunguo. Akausukuma kifuani, ndani ya gauni, mahali ambapo hakuna mtoto wa kiume atakayetia mkono.

"Haya, gari haliondoki," akamwambia mwanawe. "Nikokote."

Jibril alisimama pale na viatu vyake vya msikitini vimejaa mchanga. Alimtazama mama yake, kisha waya, kisha gari, na injini ikaamka yenyewe, akaruka. Nilicheka. Sikujizuia na sijutii.

Hajara hakucheka. Alishika nguzo ya hema akainuka, akaanza kwenda majini, hatua, pumzi, hatua, pumzi, na mrija mrefu ukimfuata mchangani. Nilimwona Jibril akiinua mkono kumzuia. Mkono ukabaki hewani. Kisha akainama, akauokota mrija usinase kwenye mawe, akamfuata nyuma ameushika kwa mikono miwili kama anayebeba pindo la nguo ya bibi harusi.

"Inua juu, Jibril," mama yake akasema bila kugeuka. "Usinikanyagie pumzi."