Concilie, Rasi ya Labrador na Kaka wa Saba

Saa moja asubuhi, Concilie Minani anaviringisha ramani ya ukutani, anaitia kwenye bomba la karatasi ngumu, anabandika lebo. Ni ghala la vifaa vya shule, Alief, Houston. Anafunga ramani mia tatu kwa siku, na kila jicho lake likifika kaskazini-mashariki ya Kanada, mikono inasimama.

"Mama Inès, hiyo rasi haikimbii," anamtania Theodora, Mtanzania wa meza ya pili. "Jana si ilikuwa hapo hapo?"

"Naangalia kama kaka yangu bado yupo."

Kaka yake, Callixte Nyandwi, anaendesha lori la mgodi wa chuma huko Labrador. Ghuba ya Hudson iko magharibi, Atlantiki mashariki, na katikati Burundi hamsini zinaingia. Hawajaonana tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, mwaka 2012. Concilie akipata pasi ya Marekani, safari yake ya kwanza ni huko.

Lakini kwanza kuna Alhamisi hii ya Machi 2019: usaili wa uraia. Na faili lake lina uongo.

Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake, si la baba. Nyandwi ni mzaliwa wa saba, Minani wa nane. Kambini mkalimani alimwonya: "Wazungu wakiona majina mawili watasema si ndugu. Andika wote Minani." Akaandika. Karatasi za Callixte zinasema Nyandwi.

"Siku hizi Uhamiaji wanafukua mafaili ya zamani," Concilie anamwambia Theodora kwa sauti ya chini. "Wakinirudisha, Inès aliyezaliwa hapa nitamwachia nani? Nyumbani Gulfton mlango ukigongwa, nazima TV, tunakaa kimya."

Rasi yenyewe inasemekana ilipewa jina la Mreno mmoja, João Fernandes, mwenye shamba, "lavrador" kwa lugha yao, aliyepita na meli miaka mia tano iliyopita. Wainnu, wenyeji wa huko, walikuwa na jina lao tayari: Nitassinan, nchi yetu. Nani alimketisha Mreno yule mezani ajieleze? Ndivyo Wazungu walivyoyapa majina yao maziwa yetu makuu pia, tunakumbuka. Wao wakikosea, watoto wanakariri shuleni. Concilie akikosea jina moja, hapati usingizi.

Wakati wa chakula Theodora anamshauri. "Wasipouliza, dada, usiwaamshe."

Concilie anatafuna polepole. Wiki nzima alikusudia kunyamaza. Halafu Jumapili Callixte alipiga simu, theluji imewafungia ndani, akauliza kwa utani, "Huko kwenye karatasi zako, mimi ni nani?" Akasingizia mtoto anamwita, akakata simu.

"Nitawaambia kabla hawajauliza," anasema sasa. "Naogopa, sikufichi. Lakini kama wa saba hayupo, mimi wa nane nimetoka wapi?"

Anafuta vidole, anavuta ramani nyingine.